Kaburi Alilolijenga Fundi Ibouroi Pale Ambondrona

Kwa jina la Mwenyezi Mungu. Wazee wetu, mwalimu wetu wa msikiti, majirani wa Ampisikina hapa Mahajanga, mafundi wenzake marehemu, ndugu mliofika wiki iliyopita kutoka Nosy Be kumwuguza na sasa mnamzika, akina mama mliokaa ndani nyuma ya pazia, familia inawashukuru nyote, na kabla hatujamtoa mzee wetu kwenda kumsalia imenituma mimi, Nourdine Mohamadi, mtoto wa dada yake, nisimame nisome historia ya maisha yake. Ninaisoma kwa Kiswahili cha chuo cha Kurani, ambacho wengi wetu siku hizi tunakisikia kwa wazee tu, kwa sababu yeye mwenyewe alitaka hivyo, na majirani wasiokielewa watasimuliwa baadaye kwa Kimalagasi, bila kupunguza kitu, na hilo nalo ni agizo lake. Nawaomba mnivumilie, maana tumezoea kwamba mtu akishafungwa sanda basi anakuwa hakuwahi kumkosea hata jirani wa pili, na mzee Ibouroi alikataza mambo hayo, alisema maji yatamwosha inavyotosha, maneno yetu yasijaribu kumwosha.

Marehemu Ibouroi Abdourahamane alizaliwa tarehe 14 Machi 1903, mjini Hell-Ville, kisiwani Nosy Be, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Abdourahamane, mwashi aliyetoka Ngazidja akiwa kijana, na Bi Sittou, mzaliwa wa hapohapo Nosy Be, ambaye mama yake alikuwa Msakalava, na kwa sababu hiyo marehemu alikuwa na jamaa pande zote mbili, wa msikitini na wa kwenye matambiko, akazijua adabu za huku na za kule, akawa mtu wa kuitwa kila panapotokea ugomvi wa mpaka wa shamba au wa mahali pa kuzikia.

Kuhusu masomo, alianza chuo mwaka 1909, akahitimu Kurani mwaka 1914, kisha akapelekwa shule ya Wafaransa mjini Hell-Ville kwa miaka miwili, akatoka huko na hesabu kidogo na maneno ya kumwamkia mkuu wa wilaya, na alikuwa akitutania kwamba hesabu zilimfaa, lakini katika maisha yake yote hakuona siku ambayo yale maamkizi yalimpunguzia kazi.

Tarehe 8 Juni 1929 alifunga ndoa na Bi Kalathoumi binti Mohamadi, ambaye tangu jana amekaa eda chumba cha ndani, na Mungu akawajalia watoto wawili, Assoumani, aliyezaliwa mwaka 1931 na sasa yuko kazini mjini Diego, naye hakuwahi kufika mazikoni, na Sittou, aliyezaliwa mwaka 1934, aliyemwuguza baba yake mpaka saa ya mwisho. Nimetanguliza ndoa na watoto mbele ya kazi, kinyume cha desturi, kwa kuwa kazi ndiyo yenye neno, nami nataka tukifika hapo tusiwe na jingine la kukimbilia.

Alishika kazi ya uashi mwaka 1917 chini ya baba yake, mwaka 1924 akaajiriwa kujenga matanuri ya kuchemshia maua ya langilangi katika mashamba ya kisiwani, na baba yake alipofariki mwaka 1931 akajitegemea, akajulikana hasa kwa makaburi, na wale mliokulia Hell-Ville mnayajua makaburi yake, meupe, yenye pembe zilizonyooka, ambayo mvua ilikuwa ikiyapiga miaka kumi bila kuyatia ufa. Mwaka 1936 alipata ruhusa ya kuchoma chokaa huko Ambondrona, pwani ya magharibi, akajenga tanuri nyuma ya ufuo, akamchukua mwenzake Mroivili, mtu mpole asiyepandisha sauti, wakawa wanachoma matumbawe kwa pamoja na kuuza chokaa mjini.

Jumamosi ya tarehe 12 Septemba 1942, Wafaransa na Waingereza wakiwa wanagombea nchi hii kama mali ya urithi wa babu zao, wawili hao walikuwa wakipakua chokaa kutoka tanurini, ndege moja ikatokea ikiruka chinichini juu ya minazi huku inatoa moshi, ya nani hawakujua na hakuna aliyewahi kuwaambia, na kabla ya kuelekea baharini ikaachia bomu, likaangukia ile ardhi laini iliyo kati ya mchanga na kinamasi, likazama lote, likaacha shimo lililojaa maji polepole. Halikulipuka. Walilala kifudifudi kwenye chokaa hata macho yakawawasha, wakisubiri, na waliponyanyuka, ndege haikuwapo tena, watu wa ufuoni walikuwa wamekimbilia msituni kwa kelele zake, na hakuna aliyeona kilichoanguka isipokuwa wao.

Mroivili alitaka waende Hell-Ville wakaripoti siku ileile. Aliyekataa ni marehemu, na alituagiza tulitamke hili mbele ya watu, Mroivili asije akabebeshwa lawama kwa kuwa naye hayupo. Marehemu alijua kitakachofuata, mkuu wa wilaya hatashika sepeto kwa mkono wake, atakusanya wanaume wa Ambondrona kwa shokoa, kazi ya lazima isiyo na ujira, kama walivyokusanywa kuchimba barabara, na wawili walioleta habari ndio watakaotangulizwa shimoni ili wengine wapate moyo. Katika hilo hakukosea, na sisi tulioishi miaka ile tunajua hakukosea. Alikosea katika yaliyofuata.

Ardhi ile ilikuwa nzuri kwa mpunga, mvua zilikuwa zinakaribia, na mvua zikija majembe yangeshuka palepale. Akafikiri siku mbili, kisha akaona njia ambayo mwashi wa makaburi, mjukuu wa Msakalava, asingeweza kukosa kuiona, kwamba kwetu sisi na kwa majirani zetu vilevile jembe halipiti juu ya mtu aliyelala. Akawaambia watu wa Ambondrona kwamba ameota ndoto, ameonyeshwa sharifu wa zamani aliyetupwa na bahari akazikwa pale bila alama, naye ametakiwa amjengee. Alikuwa amesoma chuo kama sisi, alijua vizuri uzito wa mtu kudai ndoto asiyoiota. Lakini alijipa moyo kwamba anaokoa watu.

Kaburi lile walilijenga wawili, na hakuna kaburi lililojengwa kwa hofu kama hiyo katika kisiwa chetu. Hawakupiga nyundo hata mara moja, mawe walichonga mbali kule tanurini wakayaleta mikononi, Mroivili akimkabidhi mwenzake kila jiwe kama anayempa mtoto aliyelala, na chokaa walipaka kwa viganja. Walilimaliza mwezi wa Oktoba, watu wakaja kusoma Fatiha, majembe yakapita kando, na Mroivili akafa kwa homa Desemba 1943, bila kusema neno kwa yeyote, kwa sababu rafiki yake alikuwa amemwapisha.

Kwa muda kaburi lilifanya kazi iliyokusudiwa. Kisha mama mmoja akaenda pale na mtoto mwenye homa, akachoma ubani, mtoto akapona kama watoto wengi wanavyopona, na hapo mambo yakamponyoka marehemu. Wakaja wagumba, wakaja wenye kesi, wakaja wenye waume waliosafiri na kusahau kurudi, na mnamo mwaka 1948 watu walikuwa wanahama kutoka ufuoni kujenga nyumba zao za majani kulizunguka kaburi, wapate baraka ya kulala karibu na sharifu. Watu waliokuwa wakikaa mbali na lile bomu bila kulijua, wakalisogelea na watoto wao, na kilichowasogeza ni ndoto yake.

Alijaribu kuwazuia kwa njia ileile iliyowaleta. Akasema sharifu hataki kutwangiwa mpunga karibu naye, akina mama wakatii, wakawa wanabeba vinu vyao mpaka ufuoni. Akasema hataki ngoma, harusi zikahamishwa. Akasema hataki nguzo zikitwe kwa kupigwa, zichimbiwe kwa mkono, na vyetezo viwekwe kwenye jiwe la mbali, na kila sharti likawa fady, marufuku ya mahali, na kila fady aliyoibuni ilimpandisha sharifu cheo, kwa sababu watu walisema sharifu mwenye masharti hivi lazima awe mkubwa, na mkubwa ndiye anayejibu haraka. Marehemu akaitwa mlinzi wa kaburi. Akawa analetewa kuku, na Bi Kalathoumi anakumbuka kwamba kuku hao mumewe hakuwahi kuwaonja, kila mara alisingizia tumbo, tukala sisi wengine tukinawiri. Bi Kalathoumi alidhani pia mumewe ana ugonjwa wa moyo, maana kinu kikilia popote jirani alikuwa anashtuka na kutokwa jasho jembamba, kisha anacheka mwenyewe na kusema umri unamwingia.

Nafasi ya kusema alikuwa nayo. Shokoa iliondolewa mwaka 1946, akaondoka Ambondrona asubuhi kwa miguu hadi Hell-Ville, akafika mbele ya ofisi ya wilaya, akasimama, akakumbuka kwamba mwezi uliotangulia maulidi yalikuwa yamesomwa pale kaburini na wazee wenye ndevu nyeupe waliolia machozi, akaona wazee wale watakavyomtazama, akanunua misumari asiyoihitaji ili safari ipate sababu, akarudi. Hofu ya shokoa ilikuwa imekwisha. Iliyobaki ilikuwa aibu tu, na kwa ajili ya aibu aliwaacha watu juu ya bomu miaka mingine minne, na hatuna namna ya kulisema hili likawa zuri.

Sasa namtaja Djaffar Boinali, na ninaomba jina hili lisikilizwe. Djaffar alikuwa mwendesha gari la ng'ombe, akibeba miwa, kijana mcheshi aliyekuwa akiwaimbia ng'ombe wake, na mkewe ni Bi Hachimia, ambaye yuko pamoja nasi nyuma ya pazia hili. Walikaa miaka mingi bila mtoto, mpaka Djaffar akaenda kaburini akaweka nadhiri mbele ya mashahidi kwamba Mungu akimpa mtoto atamjengea sharifu ukuta wa mawe pande zote nne, na tarehe 3 Februari 1950 akazaliwa binti, wakamwita Sitti. Mwenye nadhiri hachelewi. Djaffar akaja kwa mwashi, na mwashi alikuwa nani kama si marehemu.

Marehemu akamwambia wasubiri mvua ziishe, Djaffar akasubiri. Akamwambia Ramadhani inakaribia, kazi ya mawe na saumu haviendi pamoja, Djaffar akasubiri. Baada ya Idi akamwambia ameota tena, sharifu hataki ukuta, na huo ndio uongo wa mwisho aliousema kwa jina la sharifu, na haukumsaidia, kwa sababu Djaffar alikuwa na hofu yake, mtoto alikuwa ameanza kukohoa, na majirani walikuwa wameanza kumwuliza anangoja nini. Djaffar alimjibu kwa heshima kabisa.

"Fundi, labda sharifu hataki, lakini niliyemwahidi ni Mungu, na mtoto anakohoa. Nitachimba msingi hata peke yangu."

Marehemu alitwambia kwamba hapo alifungua kinywa amweleze. Maneno yalikuwa tayari, hapa hakuna sharifu, hapa kuna bomu, mchukue mkeo na mtoto mwondoke, maneno machache tu. Wakati huohuo Bi Hachimia akatoka ndani na mtoto mgongoni, akapiga magoti mbele yake, akamshika mkono, akamshukuru kwa ile ndoto yake ya zamani, akisema bila ndoto ile yeye asingeitwa mama na mtu. Marehemu akaufyata ulimi. Akasema tu kwamba anakwenda Mahajanga kujenga birika la maji la msikiti, akirudi watazungumza, na tarehe 20 Julai akapanda chombo, akijidanganya kwamba fundi asipokuwapo ukuta hautajengwa.

Jumatano, tarehe 16 Agosti 1950, asubuhi, Djaffar Boinali alianza kuchimba msingi upande wa kibla. Bi Hachimia alikuwa ameshuka mtoni kufua, mtoto akiwa naye, na watu wazima wengi walikuwa kwenye miwa. Bomu lililipuka. Kaburi likaondoka lote, nyumba tatu zikaungua, watu kadhaa wakaumia, na Djaffar akafa, akiwa na umri wa miaka thelathini na moja, na kile kilichopatikana kikazikwa alasiri ileile.

Waliokufa kwa namna hii hawaachwi hivihivi, lazima atafutwe wa kulaumiwa, na aliyekuwa karibu ni maiti. Askari walikuja kutoka mjini, wakatazama shimo, wakaandika kwamba marehemu Djaffar alikuwa ameficha baruti ya kuvulia samaki, wakaenda zao. Watu wa Ambondrona wakasema vingine, wakasema Djaffar alichelewesha nadhiri, sharifu amekasirika, na kwa kuwa katika shimo lile haukuonekana hata mfupa wa sharifu, wakasema amehama kwa hasira na baraka zake, na sababu ni Djaffar. Jiko moja likakataa kumpa Bi Hachimia moto, kisha la pili, mtungi ambao Sitti amenywea ukamwagwa, na mnamo Novemba mama na mtoto wakaondoka Nosy Be na bunda moja la nguo, wakaja kwa jamaa zao huku Mahajanga, mtaa wa Antanimasaja. Kwa miaka tisa na miezi minane Djaffar Boinali ametajwa katika kisiwa chetu kama mwizi wa baruti au mvunja nadhiri, kutegemea unazungumza na nani, na mtu mmoja tu chini ya mbingu alijua kwamba hakuwa hata kimoja.

Marehemu alipata habari bandarini hapa Mahajanga, kwa mabaharia, akakaa juu ya magunia ya saruji, wenzake wakadhani jua limempiga. Hakurudi Ambondrona tena maishani. Mwaka 1951 aliileta familia Ampisikina, mwaka 1952 akamjengea Bi Hachimia nyumba ya mawe Antanimasaja, bila kukubali ujira, na mji mzima ukamsifu kwa ukarimu, na yeye akazipokea sifa zile akiwa ameinamisha kichwa, tukasema tazameni unyenyekevu wake. Bi Hachimia akamwita kaka. Kila Ijumaa akamletea mkate wa mchele uliofunikwa kwa kitambaa, Sitti akaubeba tangu alipoweza kubeba kitu, akamwita mjomba, akamsomea sura alizojifunza. Marehemu aliula mkate ule mbele ya mtoto mpaka kipande cha mwisho. Kuku wa kaburini aliweza kuwakwepa, lakini mkate huu hakuthubutu.

Kuhusu ugonjwa, alianza kukohoa mwaka 1957, vumbi la chokaa la miaka arobaini, akaendelea na kazi. Mwezi wa Februari mwaka huu wa 1960, wote mnakumbuka, redio ilitangaza kwamba Wafaransa wamelipua bomu lao jipya kule jangwa la Sahara, lile ambalo moja tu linamaliza mji, na watu walijaa dukani hapa jirani kusikiliza, wengine wakistaajabu, wengine wakitania kwamba sasa mkuu wa wilaya atazidi kuvimba. Marehemu alikuwa amekaa mlangoni, akauliza swali moja.

"Na likidondoka mahali pasipokusudiwa, wanaokaa hapo nani atawaambia?"

Mtu mmoja akajibu kwamba serikali itawaambia, kwani serikali itakuwa inajua. Marehemu alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikaleta damu, tukamrudisha nyumbani tukimshika huku na huku. Alitueleza baadaye kwa nini alicheka. Alisema siku ile alijiona yeye ndiye ile serikali, alijua, watu wakajenga, watoto wakazaliwa hapo juu, naye akawatungia masharti ya kinu na ngoma, akiwaacha na lile jambo lenyewe.

Alilazwa hospitali tarehe 29 Machi, siku moja baada ya Idi, akarudishwa nyumbani tarehe 15 Aprili, madaktari walipoona hawana la kuongeza. Alimwita Bi Hachimia. Alikuja na uji, akakaa kitandani upande wa kichwa, na marehemu akamtazama, akashindwa, akalia tu, naye akamfuta machozi kwa ncha ya shiromani yake, nguo aliyojitanda, akamwambia asiogope, Mungu anaujua wema wake. Alipoondoka, marehemu aligeukia ukutani na hakula siku ile. Ulikuwa woga, na hatumtetei, aliuita woga yeye mwenyewe, na Jumapili ya tarehe 17 Aprili akatukusanya, mkewe, binti yake Sittou na mimi, akatueleza yote kama nilivyowasomea, akatuapisha tusimzike kabla hayajasomwa mbele ya watu, lakini kabla ya watu, aambiwe Bi Hachimia peke yake, asije akasikia aibu hii katikati ya umati. Alifariki jana, Alhamisi, tarehe 21 Aprili 1960, baada ya alasiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Leo baada ya sala ya alfajiri Bi Hachimia alikuwa wa kwanza kufika, na sufuria yake kichwani, akaingia jikoni kuwapikia wafiwa kama ndugu wa damu. Bi Kalathoumi haruhusiwi kutoka kwa sababu ya eda, akatuma aitwe chumbani, mlango ukafungwa, akamweleza. Tulikaa ukumbini tukiwatazama wenye kupita, mpaka kahawa ikapoa. Kisha Bi Hachimia akatoka, macho makavu, akasimama mbele yangu, nikainamisha kichwa, nikamwomba radhi kwa niaba ya marehemu, kama nilivyoagizwa. Alichonijibu nakisoma bila kuongeza wala kupunguza, na yeye ananisikia.

"Isomwe yote, jina la mume wangu lisirukwe. Na radhi msiniombe mimi kwanza, aliyefukiwa Ambondrona hajaulizwa."

Kisha akarudi jikoni. Wali mtakaokula baada ya maziko ameupika yeye, kwa hiyo kila mtu ajue anachokula.

Kwa hiyo nawaelekea ninyi ndugu mliotoka Nosy Be. Mtakaporudi, msipite mjini kwanza, nendeni Ambondrona, simameni pale penye shimo, waambieni watu kwamba pale hapakuwa na sharifu, palikuwa na bomu, Ibouroi Abdourahamane alijua, na Djaffar Boinali hakuiba baruti na hakuvunja nadhiri, alikufa akiitimiza kwa mikono yake. Waambieni pia kwamba Sitti binti Djaffar ana umri wa miaka kumi, amefika juzuu ya tano, na mtungi wowote atakaonywea ni mtungi safi. Na kama mnajua mahali pengine palipodondokewa na kitu katika vita ile, mkanyamaza kwa sababu yoyote mliyoiona nzuri, basi semeni kabla ya mvua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali waliomhudumia marehemu bila kuchoka, majirani wa Ampisikina mliokesha naye kwa zamu, mafundi wenzake mliochimba kaburi lake asubuhi hii na kukataa kusaidiwa, mwalimu wa msikiti aliyekubali historia hii isomwe ingawa ilimtia simanzi, na Bi Hachimia, ambaye hatuna neno la kumshukuru nalo na hatutajaribu kulitafuta.

Ilibaki kumtakia marehemu amani, lakini naye alituwekea sharti hapo, la mwisho, na hili hakulibuni kwa jina la mtu mwingine. Alisema amani itakiwe kwa zamu, na zamu ya kwanza si yake. Basi Djaffar Boinali, mume wa Hachimia, baba yake Sitti, mtimiza nadhiri, lala kwa utulivu, huna kosa, tumelisema mbele ya watu. Na wewe mjomba Ibouroi, tunakupeleka sasa. Ukimkuta, mwombe mwenyewe, atakachokujibu ndicho utakacholalia.